Shada la Nyumbani Linavyosimama

Mnunuzi anayeingia City Market jijini Nairobi kutafuta maua hutazama rangi kwanza, kisha utepe. Anayetaka kujifunza kufunga shada nyumbani aangalie chini, kwenye mashina. Shada la fundi ukilisimamisha mezani bila chombo, husimama lenyewe. Mashina yake yametanuka kama miguu ya kigoda, yameinama yote upande mmoja, na yanakutana mahali pamoja tu, pale palipofungwa. La asiyejua huanguka, hata livishwe utepe wa dhahabu.

Kinacholisimamisha ni mpangilio wa mshazari. Waridi la kwanza hushikwa wima kwa mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu shubiri moja chini ya ua. La pili hulazwa juu yake, kichwa kikielekea kushoto na mkia kulia. La tatu vivyo hivyo. Kila baada ya mawili matatu, shada zima huzungushwa kidogo mkononi, siku zote upande uleule. Shina moja likipenyezwa kinyume, huwakatiza wenzake njia. Kamba ikikazwa, ndilo linalovunjika, na ua lake hunyauka mapema kuliko mengine. Mkono nao usibane. Anayeng'ang'ania mashina hupata vichwa vilivyosongamana, na hapo majani ya kutenganisha ua na ua hayana pa kuingia.

Pa kufungia ndipo panapoamua umbo. Ukifunga karibu na maua, unapata kichwa cha mviringo kilichoshikana, kinachomfaa bibi harusi. Ukishuka, shada linafunguka na kufaa chombo cha mezani. Kamba ya katani au rafia bapa inatosha. Uzi mwembamba wa nailoni hukata mashina. Ukishafunga, sawazisha mikia kwa mkasi, la sivyo shada halitasimama.

Lakini ufundi wote huo ni bure ikiwa maua yana kiu. Waridi likikatwa shambani Naivasha na kukaa bila maji, hewa huingia kwenye mirija ya shina na kuziba njia ya maji. Ndiyo maana unaona shingo imelegea ilhali petali bado ni mbichi. Kata upya sentimita 2 au 3 kimshazari, kwa kisu kikali, kisha acha maua ndani ya ndoo kwa saa kadhaa kabla ya kuyafunga. Jani lolote litakalozama liondolewe, kwa sababu likioza huzalisha bakteria wanaoziba mirija ileile. Wengi hutia sukari peke yake kwenye maji. Sukari hulisha ua, ni kweli, ila huwalisha na bakteria. Iandamane na maji ya ndimu na matone machache ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Maua ya uani yana tabia zake. Haibiskasi hufunga siku hiyohiyo, na boganvilia, ambayo rangi yake ni ya majani membamba yanayozunguka kiua kidogo, hunyong'onyea upesi ikikatwa. Asumini ndiyo yenye faida, mradi ujue saa zake: huchumwa ingali tumba lililofumba, ikafumbuka usiku. Watu wa Pwani wanaotunga vikuba, yaani vishada vidogo vya kunukia, hufuata saa hizo. Kwa shada la jioni, ichomekwe mwisho, pamoja na vijiti vya rehani.

Kuhusu mapambo, msimamo wangu ni kwamba nailoni imezidi. Ikifunika shada pande zote hufungia unyevu, na ukungu wa kijivu huanza kwenye petali. Karatasi ya khaki iliyokunjwa pembe zisizolingana, au kipande cha kanga kilichofungwa kiunoni mwa shada, huacha hewa ipite na hupendeza zaidi. Usiliweke kando ya ndizi au maembe mabivu, kwani matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Kama una harusi ya kuandalia shada, nunua mawaridi kumi na mawili ya bei nafuu wiki moja kabla. Funga, fungua, ufunge tena mpaka shada lisimame lenyewe. Utepe utaununua baadaye.