Shahidi Aliyelala: Juu ya Maandishi ya Maury, Hervey de Saint-Denys na van Eeden

Katika maandishi yahusuyo usingizi, tatizo la kwanza ni la shahidi. Mtu asemaye kwamba aliota huku akijua kuwa anaota, au kwamba alijitazama akizama usingizini hatua kwa hatua, hana mwenziwe wa kumthibitisha, maana huko alikokuwa alikuwa peke yake. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelishughulikia jambo hili kwa njia zao. Sisi tunaoshughulika na lugha twaweza kulitazama kwa upande mwingine: ushahidi huo hutufikia kwa masimulizi, na masimulizi yana dalili ambazo msomaji mzoefu huzitambua. Nimewachagua waandishi watatu. Wa kwanza ni Alfred Maury, Mfaransa, aliyetoa kitabu chake juu ya usingizi na ndoto mwaka 1861; wa pili ni Hervey de Saint-Denys, Mfaransa pia na mtaalamu wa Kichina, ambaye kitabu chake juu ya ndoto na njia za kuziongoza kilitoka mwaka 1867 bila jina la mwandishi; na wa tatu ni Frederik van Eeden, Mholanzi, daktari na mtunzi, aliyechapisha makala yake kwa Kiingereza mwaka 1913.

Maury ni mwangalifu sana anapokaa mlangoni mwa usingizi. Tangu mwaka 1848 alikuwa ameipa jina la kitaalamu ile hali ya mtu ambaye hajalala wala hayuko macho, wakati nyuso na rangi humpitia mbele ya macho yaliyofumbwa. Alikuwa akiketi kitini na kumwomba mtu aliye karibu amwamshe punde tu anaposinzia, ili aandike alichokiona kabla hakijayeyuka. Alipotekenywa kwa unyoya midomoni na puani aliota kwamba amebandikwa lami usoni kisha ikabanduliwa pamoja na ngozi. Aliponusishwa manukato ya Cologne alijikuta Cairo, katika duka la mwuza manukato. Lakini kwa wasomaji wa jarida la lugha, ndoto yake bora ni ile ya maneno. Aliota yumo njiani akisoma vipimo vya kilomita. Mara yuko kwa mwuza vyakula, mizani inapima kilo. Mwuzaji akamwambia kwamba hapo si Paris bali ni kisiwa cha Gilolo. Yakafuata maua ya lobelia, kisha jemadari Lopez, ambaye habari za kifo chake alikuwa amezisoma karibuni, na hatimaye mchezo wa loto. Hapana maana inayoviunga vitu hivi. Kilichoviunga ni sauti tu, silabi ikiivuta silabi, kama watoto wachezavyo na maneno. Habari ya namna hii haipambwi na mtu, kwa sababu haina faida yoyote kwa msimulizi. Ndiyo maana naiamini.

Siiamini kwa kadiri hiyo ndoto yake mashuhuri kuliko zote. Alikuwa mgonjwa kitandani, mamaye yu karibu naye. Akaota siku za hofu za Mapinduzi ya Ufaransa: akawaona Robespierre, Marat na Fouquier-Tinville, akasimamishwa mbele ya mahakama, akahukumiwa, akapakiwa garini kati ya umati wa watu, akapanda jukwaani, na gilotini ikamshukia shingoni. Alipozinduka alikuta kipande cha kitanda kimemwangukia shingoni mahali pale pale. Maury alitaka tukubali kwamba hadithi yote ile ilitungwa baina ya kuanguka kwa kipande kile na kuamka kwake. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafalsafa wa Ufaransa walibishana sana juu ya muda huo, na Freud, mwaka 1900, alisema kwamba huenda taswira hizo zilikuwa zimekwisha tungwa zamani katika mawazo ya kijana, zikasubiri kuamshwa. Neno langu ni la msomaji wa hadithi tu. Kisa hiki kina mwanzo, katikati na mwisho. Kila mtu mashuhuri anatokea kwa zamu yake. Hapana kitu kisichofaa wala kilichozidi. Tukiweke kando ya kilo na Gilolo, tutaona kwamba mtu mmoja anaandika kwa mikono miwili, na mkono mmoja ni wa mtunzi.

Hervey de Saint-Denys alianza kuandika ndoto zake tangu umri wa miaka kumi na mitatu, akajaza madaftari 22 yenye ndoto za mausiku 1,946. Asema kwamba ilikuwa usiku wa 207 alipoota kwa mara ya kwanza huku akijua kuwa anaota. Hesabu hizo zenyewe si ushahidi, kwani mwongo naye hujua kuhesabu. Ila zaonyesha desturi ya kazi. Majaribio yake ni ya werevu mkubwa. Alipokwenda Vivarais alitumia manukato fulani ambayo hakuyatumia mahali pengine, kisha akayafungia. Baada ya miezi alimpa mtumishi wake chupa ile, amdondoshee mtoni usiku wowote apendao bila kumwambia. Usiku ulipofika, akaiota milima ya Vivarais.

Hata hivyo Hervey ana kasoro ya mtu mwenye nadharia. Ashika kwamba ndotoni hamwingii kitu ambacho kumbukumbu haikukihifadhi, na mara nyingi ndoto zake zamtii kama watumishi wake. Msomaji huanza kushuku. Lakini kuna mahali ambapo ndoto imemkwepa naye hakuficha. Akijua kwamba anaota, aliazimia kujirusha kutoka juu ya nyumba ndefu aone kifo kitakuwaje. Hakuonja kifo. Alijikuta chini, mbele ya kanisa kuu, amesimama kati ya umati uliomzunguka maiti, na watu wakieleza kwamba mtu huyo amejirusha kutoka mnarani. Kwamba hakufa, nadharia yake ingetabiri; kwamba angegeuzwa mtazamaji wa maiti ya mtu mwingine, haikutabiri hata kidogo. Kwangu mimi ukurasa huo wapita sura zake nyingi za hoja.

Van Eeden aliandika ndoto 352 za namna hii kati ya Januari 1898 na Desemba 1912. Kabla ya makala yake alikuwa amekwisha yatia mambo haya katika riwaya, *De nachtbruid*, ya mwaka 1909, akiungama kwamba utunzi ulimpa uhuru wa kusema. Makala ni bora kuliko riwaya. Kweli, anaamini kwamba pepo wa ndotoni ni viumbe halisi, na hapo simfuati. Lakini tazama kisa cha bilauri. Ndotoni, akijua vema kwamba anaota, alitaka kufanya jaribio, akaipiga bilauri kwa ngumi kwa nguvu zake zote. Haikuvunjika. Baada ya kitambo akaitazama tena, akaiona imevunjika. Akaifananisha na mchezaji wa jukwaani aliyechelewa zamu yake. Uchelewaji ule haumsaidii kuthibitisha lolote, naye aliuandika hivyo hivyo.

Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Keith Hearne alipokea ishara za macho kutoka kwa mtu aliyelala: macho yalikwenda kushoto na kulia kama walivyoagana, kwani katika usingizi ule mwili hulegea ila macho hayalegei. Stephen LaBerge akafanya vivyo hivyo huko Stanford, na mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi wakatangaza kwamba waliolala wameweza kujibu maswali mepesi. Basi Hervey na van Eeden hawakuwa waongo kwa kudai kwamba jambo hili lipo. Walakini ishara ya jicho hutupa saa tu, wala haitupi bilauri. Bilauri bado huja kwa maneno.

Na kwa maneno, Kiswahili kina jambo la kumpa mfasiri. Kiingereza, kikisimulia mambo yaliyopita, huisukuma kauli ya ndani nayo iingie katika wakati uliopita. Sisi twasema, “nilijua kuwa naota”. Kitenzi cha kwanza kimepita, cha pili bado kinaendelea, na fahamu ya mwotaji yabaki katika saa yake yenyewe, kama alivyokuwa nayo pale ndotoni. Kwa hali ya Maury kitini tuna mang'amung'amu, na lepe la usingizi huitangulia. Ila ndoto ya van Eeden haina jina lililokubaliwa. Wakiita “ndoto angavu” watu watadhani ni picha zenye nuru, hali yeye alikusudia akili timamu ya mwotaji. Napendekeza “ndoto yenye fahamu”, kwa kuwa kila mtu amekwisha sikia mgonjwa aliyepoteza fahamu na aliyerejewa nayo. Tofauti ni kwamba huyu imemrejea naye angali amelala, ngumi yake ikiwa juu ya bilauri.