Upepo Unaonunuliwa kwa Dizeli

Kwenye saiti kubwa ya ujenzi Dar es Salaam, mtu anayefika kabla ya wafunga nondo na kabla ya gari la zege mara nyingi hana hata cheo. Huitwa "wa kompresa", basi. Akifika haanzi kwa kuwasha. Anachutama ubavuni mwa mtambo, anahakikisha geji inasoma sifuri, kisha analegeza koki iliyo chini ya tangi la oili. Hutangulia maji matupu, yakafuata maji yenye utando, halafu oili. Hapo anafunga. Usiku mtambo ulipokuwa unapoa, maji yalijitenga na oili yakatuama chini. Ukiwashwa kabla hayajamwagwa yatavurugwa humo humo, na oili iliyochanganyika na maji hailainishi kitu.

Siku ambayo kazi hiyo kamwachia saidia fundi wake, utamsikia akiuliza:

"Dogo, umemwaga maji?"

"Nimemwaga, mzee."

"Yalikuwa mengi kuliko jana?"

Swali hilo la pili ndilo lililonivuta kuandika, kwa sababu jibu lake linaeleza kutwa nzima ya jana ilivyokwenda.

Hewa ya pwani mwezi wa Machi, kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hubeba gramu 24 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Kompresa ya kawaida ya saiti, ile ya kukokotwa na pikapu, humeza mita za ujazo 5 hivi za hewa kwa dakika. Piga hesabu: kwa saa moja imemeza maji yanayokaribia lita 7, na hakuna aliyeyaona yakiingia. Hewa hiyo ikibanwa mpaka ikakaa kwenye moja ya nane ya nafasi yake, kisha ikapoa, haiwezi tena kuyabeba yote. Zaidi ya lita 5 lazima zidondoke mahali fulani, na fundi ana usemi juu ya mahali penyewe. Oili ya ndani ikiwa na joto la nyuzi 80 na zaidi, maji yatapita yakiwa mvuke na kwenda kudondokea mbele, kwenye mpira wa upepo na kwenye breka, ile nyundo ya kuvunjia zege, ambako madhara yake ni madogo na dawa yake inajulikana. Oili ikibaki vuguvugu, maji yatadondokea ndani ya mtambo wenyewe na beringi zitaanza kuliwa na kutu. Kwa hiyo maji yakizidi asubuhi, jana mtambo ulifanya kazi chache mno. Ulinguruma kutwa bila mzigo.

Hapa ndipo wenye pesa na wenye ufundi wanapoachana njia. Mwenye mradi akitaka kukodi kompresa huuliza ile kubwa ni shilingi ngapi, akiamini kwamba ukubwa haujawahi kumdhuru mtu. Lakini mtambo mkubwa uliopewa breka moja ya kulisha hauchemki vizuri, unakusanya maji, unatumia dizeli kwa kunguruma tu, na injini yake inaziba masizi. Fundi huanzia mwisho mwingine kabisa, kwenye ncha ya patasi. Anauliza: tunavunja nini? Tuseme ni vichwa vya nguzo za msingi, zile zilizomwagwa zikapita kimo na sasa zege lake lazima livunjwe mpaka nondo zibaki uchi. Breka nzito ya mkono kwa kazi hiyo hula kati ya mita moja na nusu na mbili za hewa kwa dakika. Breka ngapi zitafanya kazi kwa wakati mmoja? Si zilizoko stoo, ni zitakazoshikwa na watu wenye nguvu saa nne asubuhi. Umbali kutoka mtambo ulipo hadi shimoni ni mipira mingapi? Anajumlisha, anaongeza kidogo kwa ajili ya uvujaji ambao hata yeye hawezi kuumaliza, ndipo anataja ukubwa. Kompresa ya futi za ujazo 185 kwa dakika, ambayo ndiyo hiyo ya mita 5, italisha breka mbili kwa raha. Ya tatu unaiongeza kwa kuomba Mungu.

Presha haibishaniwi sana. Breka nyingi zimeundwa kwa paundi 100 hivi kwa inchi ya mraba, ambayo kwenye geji nyingi husomeka 7. Anayepandisha zaidi ya hapo ili kazi iende mbio anavunja vifaa, na mikono ya vijana pia.

Hesabu hiyo hiyo ukiipandisha Mbeya inavunjika. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake iko chini kwa karibu asilimia 18. Kompresa itameza ujazo ule ule, ila ndani yake hewa yenyewe ni pungufu, na injini isiyo na tabo nayo inapungukiwa pumzi kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mtambo wa futi 375 uliolisha breka tano Kurasini, Dar es Salaam, utalisha nne Mbeya, na Nairobi ni hivyo hivyo. Asiyelijua hilo ataita fundi injini, fundi injini atafungua nozeli zisizo na kosa, na wiki itaisha.

Ndani ya mtambo wa siku hizi mna roli mbili za chuma zenye migongo iliyojiviringa, zinazozunguka zikiwa zimeumana bila kugusana. Hewa inanaswa katikati yao na kusukumwa kuelekea upande ambako nafasi inazidi kuwa finyu. Umbo hilo liliendelezwa na Mswidi Alf Lysholm katika miaka ya 1930. Kabla halijaenea, saiti nyingi zilitegemea pistoni. Nafasi kati ya roli na roli hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na kinachoiziba ni oili, ambayo pia inapoza na kulainisha. Ndiyo maana fundi haweki oili yoyote iliyo karibu. Akiletewa ya aina nyingine anaikataa hata mbele ya injinia, kwa kuwa baadhi ya oili zikikutana huganda utando mzito unaoziba mirija, na mtambo unaanza kuchemka bila sababu inayoonekana.

Kazi yenyewe ya kuendesha patasi kwa upepo ni ya zamani zaidi. Handaki la Mont Cenis, linalopita chini ya milima ya Alpi kati ya Ufaransa na Italia, lilianzwa mwaka 1857 kwa nyundo za mkono na baruti. Mwaka 1861 mhandisi Germain Sommeiller akaingiza drili za upepo upande wa Bardonecchia. Hewa ilibanwa nje kwa nguvu ya maji ya mlimani na kupelekwa ndani kwa mabomba, na mwezi Desemba 1870 pande mbili zikakutana, zaidi ya kilomita 12 zikiwa zimetobolewa. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba upepo uliokwisha kupiga mwamba ulibaki mle ndani ukawa pumzi ya wafanyakazi. Hakuna nishati nyingine ya wakati ule iliyokuwa na adabu hiyo.

Turudi kwenye mipira, maana hapo ndipo upepo mwingi unapotelea na ndipo watu wachache wanapotazama. Mpira ukipungua upana kwa nusu, hasara ya presha kwa upepo ule ule huongezeka zaidi ya mara 30. Nimeona saiti imekodi mtambo mzuri, kisha imeunga mpira mwembamba wa gereji katikati kwa sababu ulikuwepo, na wavunjaji wakawa wanalalamika kwamba kompresa imechoka. Fundi anayejua hupima presha breka ikiwa inafanya kazi, karibu na mpini wake; geji ya kwenye mtambo haimwambii kilichopotelea njiani. Halafu kuna matundu. Tundu la milimita tatu kwenye presha ya 7 humwaga lita kama 10 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo matundu matatu ya namna hiyo yanakula sawa na breka moja nzima, tena hayapumziki saa ya chai. Wakati wa mapumziko ya mchana, vijana wakiwa wamelala kivulini, utamwona akitembea peke yake kufuata mpira na kopo la maji ya sabuni, akisimama kwenye kila kiungo.

Kwenye viungo hivyo huweka klipu na waya wa usalama. Mpira ukichomoka ukiwa na presha hupigapiga ovyo wenyewe, na kile kichwa cha chuma kilicho mwishoni kinaweza kuua. Mchezo wa kupulizana vumbi mwilini kwa upepo wa kompresa haucheki hata kidogo, kwa sababu hewa inaweza kupenya ngozi. Mpole kwa mengine yote, hapo hugeuka mkali.

Karibu na breka hufunga kikopo cha oili kinachodondosha kidogo kidogo ndani ya upepo. Ile ndiyo dawa ya maji niliyoitaja. Kupima kama inatosha, anashika kipande cha karatasi mbele ya tundu la kutolea upepo: inatakiwa ipate madoa mepesi. Ikibaki kavu breka inajisaga. Ikilowa, kijana anayeishika anavuta ukungu wa oili kifuani.

Mahali pa kuegesha mtambo pana elimu yake. Lazima usimame sawa, kwa sababu ukiinama sana oili hairudi inakotakiwa. Na lazima uwe upande unakotoka upepo wa Mungu, vumbi la saiti lisiingie. Kwa hiyo mtambo unaokaa kusini-mashariki mwa saiti wakati wa kusi utahamishwa kaskazi ikianza, hata kama kuhamisha ni kero na msimamizi ananung'unika. Joto likipanda, mtu wa kwanza kupita huona huruma akafungua milango ya mtambo ipigwe hewa. Fundi huja nyuma yake akaifunga. Feni imewekwa ivute hewa ipite njia maalumu mpaka kwenye rejeta; milango ikiwa wazi, hewa inakata njia ya mkato na mtambo unachemka zaidi.

Filta ya hewa nayo ina kichekesho. Mzembe haifungui kamwe, na mwenye bidii isiyo na elimu huifungua kila siku, akaigonga kwenye tairi, akaipuliza kwa upepo mkali mpaka karatasi yake inachanika kwa ndani asione. Fundi huangalia kidude cha kuonyesha filta imeziba. Kama hakijawa chekundu anaiacha, kwa kuwa kila ikifunguliwa kuna vumbi linaloangukia upande usiotakiwa. Kuacha kitu bila kukigusa ni sehemu ya kazi ambayo mwajiri huona vigumu kuilipia.

Jioni hazimi ghafla. Anafunga upepo, anaacha injini izunguke bila mzigo dakika chache ipoe, ndipo anazima na kusikiliza presha ikijitoa yenyewe. Ikizimwa na mzigo, oili inaweza kutapikwa kwenye filta ya hewa. Kisha anajaza dizeli usiku huo huo, kwa sababu tangi lililobaki tupu usiku hutengeneza jasho ndani.

Ukitaka kuupima ufundi huu wote kwa pamoja, mfuate anapopelekwa kununua mtambo uliokwisha kutumika, mmoja wa ile inayoshushwa bandarini kutoka Japani au Uingereza. Kwanza anaweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, anaomba radhi na kusema atarudi kesho, na kwamba mtu asiiwashe. Muuzaji mwenye mtambo mzima hakasiriki. Kesho yake anafungua koki ya chini kwanza, anatazama rangi ya kinachotoka. Anawasha ukiwa baridi, anaweka bisibisi ndefu kwenye sikio na ncha yake kwenye nyumba ya beringi. Anafungua upepo utoke wote, mtambo ulemewe, na hapo anakaa chini. Dakika kumi za kwanza hazimwambii kitu. Anataka saa nzima, mpaka oili ifikie joto lake na geji ya joto isimame mahali pamoja au ikatae kusimama. Anashika kitambaa cheupe kwenye upepo unaotoka: kikipata oili, sepereta inayotenganisha oili na hewa imekufa. Anasoma kibao cha tangi na kuuliza cheti cha ukaguzi, kwa sababu tangi ni chombo cha presha na sheria za hapa zinataka likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa.

Mwisho anaomba kitabu cha sevisi. Kama hakipo habishani. Anataja bei yake, ambayo humo ndani ameshatoa oili yote mpya, filta zote, sepereta na mipira, na anangoja.