Uma 54 za Chuma

Sandukuni mwa Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, mlikuwa na uma 54 za chuma. Si za mezani: kila mmoja una meno mawili, na ukiugonga unavuma kwa sauti yake ileile, leo na mwakani. Wa kwanza ulitetema mara 212 kwa sekunde, wa pili 216, kisha 220, nne nne hadi 424, maradufu ya pale ulipoanzia. Kwa ngazi hiyo alipima marimba za Wachopi wa Msumbiji, zile wenyewe waziitazo timbila.

Ni kazi ya subira. Ubao unagongwa, sauti inaruka na kufa, maana mti haushiki mlio kama kengele. Katika kufumba na kufumbua huko sikio liamue: iko juu ya uma huu, au chini? Gonga tena. Jaribu uma wa jirani. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana, hugombana: mlio unajaa na kunywea, unajaa na kunywea, na idadi ya kujaa huko kwa sekunde ndiyo tofauti ya mitetemo yao. Johann Scheibler, mwenye kiwanda cha hariri huko Ujerumani, aliijua hila hii tangu miaka ya 1830.

Nambari hugeuzwa senti, kipimo cha Mwingereza Alexander Ellis, aliyeigawa oktavu, yaani nafasi kutoka sauti hadi maradufu yake, sehemu 1,200. Ellis hakuwa na sikio la muziki kabisa (hunichekesha kila nikikumbuka); hesabu zilikuwa zake, masikio ya Alfred Hipkins, mtu wa piano.

Katika timbila oktavu ina hatua saba zilizokaribia kulingana, kila moja kama senti 171. Piano haina hatua hiyo. Ina 100, ina 200. Aliyezoea piano atadhani chombo kimeharibika. Kumbe fundi, asiye na uma hata mmoja, alikwangua tumbo la ubao katikati, sauti ikashuka. Ilipozidi kushuka, akakwangua ncha, ikapanda. Mkwaruzo mmoja, agonge, asikilize. Kuigawa oktavu hatua saba namna hiyo, kwa sikio tupu, mimi nakuona ni kugumu kuliko kupima.

Halafu kuna ule mvumo wa nyuki, utokao kwenye utando mwembamba uliozibia tundu la kibuyu chini ya kila ubao. Fundi huuweka kwa makusudi. Sandukuni hamkuwa na uma wake.