Zana Tatu kwa Mpigo: Kasoro ya Jaribio la 1993

Jaribio la Barry Gruber na wenzake, lililochapishwa Marekani mwaka 1993, liliteua washiriki kwa uangalifu: wanawake 13 waliokuwa wameondolewa titi karibuni, na saratani haikuwa imefika kwenye matezi ya limfu. Hata hivyo, liliharibiwa na uamuzi mmoja usioteteeka, kwani wanawake hao walifundishwa kulegeza misuli, kujenga taswira akilini na kutumia mrejesho wa mwili, yaani kifaa kinachomwonyesha mtu papo hapo hali ya mwili wake, kama vile ukazaji wa misuli, vyote ndani ya mafunzo yale yale.

Kwa uamuzi huo, kila badiliko lililoonekana lilikosa mwenyewe. Baadhi ya vipimo vya chembe za kinga vilipopanda, hakuna aliyeweza kusema kama sababu ilikuwa kifaa, taswira, au saa zilizotumiwa pamoja na mwalimu msikivu, na hospitali yenye fedha kidogo, inayopima kama inunue mashine au iajiri mwalimu, ikaachwa bila jibu. Hoja kwamba mgonjwa anastahili kila msaada kwa pamoja inafaa katika tiba, lakini jaribio hufanywa ili kutenganisha. Kosa hilo lilizidishwa na mazoea ya miaka ile ya kuvitukuza vipimo vya damu kuliko vya huzuni, hata kichwa cha makala kikataja mwitikio wa kinga.

Edmund Jacobson, ambaye kitabu chake cha 1929 ndicho msingi wa mafunzo ya kulegeza misuli, asingekubali mchanganyiko huo. Mwanafunzi wake alilala chali, akakunja kifundo cha mkono kwa nyuma, akautafuta mkazo hafifu katika kigasha, kisha akauacha uishe, na hakuambiwa ahisi nini. 

Hata Uingereza ilikwishaonyesha njia mwaka 1988, pale wanawake 154 waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi walipogawanywa makundi matatu: kulegeza misuli tu, kulegeza pamoja na taswira, na kuzungumza tu. Baada ya wiki 6, makundi mawili yaliyofundishwa yalikuwa na hali njema zaidi ya hisia, na lile la taswira lilitulia kuliko lenzake.

Atakayepanga jaribio jingine na akitengee kifaa kundi lake, tena aipime huzuni kabla ya damu.