Fanani Ndani ya Simu: Swali la Teknolojia na Fasihi Simulizi

Swali kuhusu athari za teknolojia kwa fasihi simulizi humponza mtahiniwa kwa wepesi wake. Aghalabu huandika kwamba simu na televisheni zimeua usimulizi, au kwamba zimeuhifadhi, kisha akasonga mbele. Majibu yote mawili nimeyasahihisha mara nyingi huku Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Yote mawili huisahau hadhira.

Katika jamii ya Waluo, siwindhe ilikuwa nyumba ya bibi ambamo watoto walikusanyika jioni kutegeana vitendawili na kusikiliza ngano. Mtoto hakuketi kimya. Aliitikia wimbo, aliuliza, alimkosoa bibi aliporuka sehemu. Naye bibi aliwaona: wakianza kusinzia alifupisha, wawili wakiwa wamegombana mchana, aliweza kuchagua ngano ya kuwagusa pasi na kuwataja. Huo ndio ushirikishi, na ndio unaoipa ngano sura mpya kila inaposimuliwa.

Sasa tazama mfano ambao wanafunzi wa hapa huutaja kwa fahari, kwa sababu ya jina tu. Mwaka 2013 Daniel Owira, wakati huo mwanafunzi wa Highway Secondary School, alivuma kwa masimulizi ya jukwaani yaitwayo Otonglo Time, hata akayatoa mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. (Otonglo kwa Dholuo ni sarafu ya senti kumi. Watahiniwa wetu, waliokua na M-Pesa iliyoanza 2007, hawajapata kuishika.) Lugha yake kuu si Kiswahili, lakini fanani ni fanani. Wakenya wengi walimwona kwenye televisheni na YouTube, hawakuwa ukumbini. Sauti na miondoko yake imehifadhiwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo, fanani wa jukwaani husubiri kicheko kitulie ndipo aendelee, na kikikosekana hubadili mbinu. Anayetazama kwenye simu hucheka peke yake; kicheko chake hakimfikii fanani wala hakibadilishi neno. Video moja basi ina hadhira mbili, na mtahiniwa anayezitenga anastahili alama kuliko anayelia kwamba utamaduni umekufa.

Je, simu haina ushirikishi kabisa? Unao, ila umepunguzwa kasi. Bibi hurekodi sauti kwenye WhatsApp, mjukuu aliye Nairobi akamjibu kesho yake. Hapo wako fanani na hadhira, ila utendaji wa papo kwa papo haupo. Sioni sababu ya kuudharau uhusiano huo. Kwa familia zilizotawanyika, huenda ndio pekee uliobaki.

Mwalimu mwenzangu, jambo hili hufundishika vyema kwa kazi ya nyanjani. Kidato cha tatu walipoenda kurekodi ngano nyumbani, mwanafunzi mmoja alinyamaza kabisa ili sauti itoke safi. Katikati ya ngano bibi anasikika akisita, kisha akimuuliza mbona haitikii, kwani amelala? Darasa lilicheka, kisha likajadili kipindi kizima. Kijana alirudi kurekodi upya, safari hii akiitikia, wadogo zake wakidakia. Kelele zilikuwa nyingi, na ngano ile ile ikawa ndefu karibu maradufu, ikiwa na nyimbo mbili ambazo bibi hakuziimba mara ya kwanza.