Hita Inayovuja: Uliza Kwanza Inavuja Lini

Tone linaloonekana chini ya hita kuukuu halionyeshi maji yalikotoka. Kati ya tangi la ndani na bati la nje kuna povu la kuhifadhi joto. Maji yakipenya popote huteremka humo hadi tundu la chini kabisa. Mafundi wengi wakiliona tone hapo husema tangi limeoza, nunua hita mpya. Hita moja ya umeme ya lita 80, iliyotundikwa bafuni katika nyumba ya Dar es Salaam inayotumia maji ya kisima, inaonyesha kwa nini kauli hiyo isiharakishwe.

Swali la kwanza lilikuwa: inavuja lini? Mwenye nyumba alijibu kuwa inavuja wakati wote, ila ikiwashwa matone huzidi. Jibu hilo lilidokeza vyanzo viwili.

Umeme ulizimwa kwenye breka, kwa kuwa nyaya hukaa nyuma ya mfuniko wa chini ya hita, uleule unaolowa. Hita ilipopoa ilifutwa ikakauka, kisha maungio yote yakazungushiwa tishu, pamoja na mdomo wa vali ya usalama. Tishu zote zilibaki kavu, lakini mfuniko ukalowa tena.

Kwa kuwa vali haikudondosha hita ikiwa baridi, matone yanayozidi wakati wa kuwasha yalielekea kuwa yake. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 65 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 1.7; kwa lita 80, hiyo ni zaidi ya lita moja. Vali haiyaruhusu kurudi bombani, hivyo ziada hutokea mdomoni mwake. Hiyo ndiyo kazi yake. Wapo wanaouziba mdomo huo ili bafu likauke, nao wanahatarisha maisha: kidhibiti joto kikikwama, tangi linaweza kupasuka kwa kishindo.

Chanzo cha pili kilijitokeza mfuniko ulipofunguliwa. Sahani ya chuma inayoshika koili ya kupasha maji ilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi upande mmoja, na gasketi yake ilikuwa imekakamaa na kupasuka. Povu halikuwa na doa la kutu. Tangi likitoboka, maji kwa kawaida hutoka na rangi ya kutu, pengine kwenye mshono wa bati ulio mbali na koili, na hapo hakuna cha kuziba.

Koili ilipochomolewa, anodi ilionekana imekwisha. Hii ni fimbo ya magnesi inayoliwa badala ya chuma cha tangi, na maji yenye chumvi, kama ya kisima hicho, huila upesi. Ulikuwa umebaki waya wa katikati tu. Kubadilisha gasketi peke yake kungeukausha mfuniko na kuliacha tangi bila kinga, kwa hiyo vyote viwili vilibadilishwa.

Anayetumia maji ya kisima akague anodi kila mwaka. Na fundi anayesema tangi limeoza akuonyeshe kwanza hiyo kutu.