Augustino, Peasi na Mwanamke Asiye na Jina

Nilianza kusoma Maungamo ya Augustino mwaka ule nilioacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda, lakini mamangu nyumbani alidhani bado niko darasani. Kila Jumapili alipiga simu kuuliza masomo yanaendaje. "Poa tu, mama," nikamjibu, naye akazidi kutuma pesa ya chakula.

Nilidhani nimeokota kitabu cha mahubiri. Kumbe mwandishi mwenyewe aliwahi kukwama kwa sababu ya karo! Alizaliwa mwaka wa 354 mjini Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Akiwa na miaka 16 ilibidi aache masomo na kurudi nyumbani huku babake, ambaye hakuwa tajiri, akitafuta pesa za kumpeleka Carthage. Mwaka huo wa kukaa bure ndio yeye na wenzake walivamia mti wa watu usiku, wakabeba peasi mzigo mzima, wakaenda kuwatupia nguruwe. Njaa hawakuwa nayo. Kwao nyumbani kulikuwa na peasi tamu kuliko hizo.

Kuna wanaocheka hapa: askofu mzima analilia matunda? Mimi naona hapa ndipo anapoandika vizuri zaidi. Anakataa kisingizio kimoja baada ya kingine hadi anafikia lile linalouma: alipenda kosa lenyewe, na angekuwa peke yake hangelifanya. Yeyote aliyewahi kufanya ujinga kwa sababu ya maboi wa mtaa anamwelewa. Ukishaelewa peasi, umekaribia fundisho lake la neema, lile alilokuja kubishania na Pelagius: kwamba nia ya mtu ni mgonjwa asiyeweza kujitibu.

Halafu kuna mwaka wa 383. Mamake, Monica, hakutaka asafiri. Akamdanganya, akapanda meli usiku kwenda Roma, mama akabaki ufukweni Carthage akiomba na kulia. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani.

Lakini kitabu hiki kina shimo. Augustino aliishi na mwanamke mmoja zaidi ya miaka 10, wakazaa mtoto, Adeodatus. Kule Milan akapangiwa ndoa na msichana wa familia inayofaa, na yule mama wa mtoto akarudishwa Afrika. Aliondoka akiapa hatamjua mwanamume mwingine, mtoto akabaki na baba. Msichana alikuwa bado mdogo, ikabidi Augustino asubiri miaka miwili. Akashindwa, akachukua mwanamke mwingine. Anakiri haya yote. Anasema moyo wake ulijeruhiwa, ukatoka damu. Moyo wake. Wa yule mwanamke hatuuoni.

Mtetezi atasema hakuwa mtu wa kutaja majina ovyo. Ni kweli: hata jina la Monica linatokea mara moja tu, mwishoni mwa kitabu cha tisa. Lakini linatokea, na anatuomba tumkumbuke kwa sala. Peasi zilipewa kurasa. Mwanamke alipewa mistari michache, bila jina. Alipoandika, alikuwa askofu wa Hippo mwenye miaka arubaini na kitu, na kalamu alikuwa nayo.

Bado nakipenda kitabu hiki. Alitufundisha kujichimba bila huruma, na kila anayeandika "mimi" leo ana deni lake. Ila kujichimba kunaweza kugeuka maficho. Unajieleza jeraha lako vizuri hadi wote wanakuonea huruma, na uliyemkosea amesahaulika.

Nilipomaliza kusoma nilimpigia mamangu. Nikamweleza aibu yangu, usiku niliokosa usingizi, nilivyoumia. Nilijieleza vizuri sana. Akanyamaza, kisha akauliza polepole, "Na ule mkopo wa chama niliochukua nikutumie?"

Sikuwa nimeuweka kwenye ungamo langu.